Kilima Kinasema: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Madini ya Salfaidi kwa Kusoma Mwamba na Sura ya Nchi

Nenda Kunduchi bahari ikiwa imekupwa, usimame pembeni mwa mikoko. Tope lake ni jeusi, na ukilikanyaga linatoa harufu ya yai viza. Ndani ya tope hilo bakteria wasiohitaji hewa wanaichukua salfa iliyomo kwenye maji ya bahari, salfa inakutana na chuma, na hapo inazaliwa salfaidi ya chuma, ndugu wa yale mawe yanayong'aa ambayo watu husafiri nayo kutoka Kanda ya Ziwa. Sasa tazama mahali ambapo tope kama hilo limefukuliwa na kuachwa likauke juani. Baada ya muda linageuka rangi ya kutu, na ardhi yake inakuwa chachu kiasi kwamba majani yanakataa kuota.

Kwa hiyo salfaidi huumbika pale salfa inapokutana na metali mahali pasipo na hewa. Ikifikiwa na hewa na maji ya mvua, inaoza na kuacha kutu na tindikali. Ukiyashika mambo hayo mawili, sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta madini haya utaielewa mwenyewe.

Naandika nikiwa Dar es Salaam, na niseme mapema kwamba chini ya jiji hili sijui sababu yoyote ya kutafuta nikeli wala madini ya risasi. Tumekaa juu ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na matumbawe ya zamani. Pugu kuna kaolini, ule udongo mweupe, Wazo kuna mawe ya chokaa ya saruji. Lakini fedha za utafutaji nyingi hupangwa hapa, vikundi vingi huundiwa hapa, na bandari yetu ndiyo iliyolifanya neno makinikia lijulikane na kila mtu mwaka 2017, makontena yalipozuiwa. Makinikia yale yalikuwa salfaidi hasa: unga mzito wa madini ya shaba uliobeba dhahabu na fedha, kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Nusu ya kazi nitakayoieleza inafanyika ukiwa umekaa mezani hapa hapa mjini, kabla hujakata tiketi.

Na nusu hiyo ndiyo watu wanairuka. Kijana mmoja aliniletea jiwe zito, zuri, amelifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Lilikuwa pairaiti safi, yaani salfaidi ya chuma, ndani ya kwatzi, jiwe gumu jeupe. Nikamuuliza amelitoa wapi. Akataja kijiji. Nikauliza, juu ya kilima au bondeni? Mwamba ulikuwa umelala au umesimama? Hakujua, kwa sababu aliliokota kwenye lundo la kokoto za barabara. Kikundi chake kilikuwa kimeshachanga fedha. Iliniuma, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: jua unatafuta salfaidi ya aina gani

Salfaidi ni jina la ukoo. Pairaiti ni chuma na salfa. Kalkopairaiti ina shaba, kwa uzito kama asilimia 35. Galena ni risasi, asilimia 86 na ushee. Sfaleraiti ni zinki. Pentilandaiti ndiyo yenye nikeli, na karibu kila mara hukaa pamoja na pirotaiti, salfaidi ya chuma ya rangi ya shaba iliyofifia. Kila mmoja ana mwamba anaoupenda, na ukikosea mwamba utapoteza miaka.

Tuanze na nikeli, maana hapa Tanzania tuna mfano mkubwa: Kabanga, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Takriban miaka bilioni 1.4 iliyopita, uji wa moto kutoka vilindini, yaani mwamba ulioyeyuka, mzito na wenye chuma na magnesi nyingi, ulipanda ukapenya kwenye miamba ya mashapo, yaani tope na mchanga uliogeuka mwamba. Uji wa namna hiyo hubeba nikeli, shaba na kobalti, lakini zimetawanyika humo kama chumvi kwenye mchuzi. Ili zikusanyike inahitajika salfa ya ziada. Miamba ya mashapo iliyozunguka Kabanga ilikuwa na salfa ya kutosha, mabaki ya tope jeusi la zamani sana kama lile la Kunduchi. Uji uliimeza salfa hiyo, na salfaidi ikajitenga kwa matone, kama mafuta yanavyojitenga na maji. Kwa kuwa matone hayo ni mazito, yalizama, au yalikwama pale njia ya uji ilipobadilika: ilipopanuka ghafla au ilipopinda.

Kwa hiyo mtafuta nikeli anatafuta vitu vitatu kwa pamoja: mwamba mweusi mzito wa namna ya gabro au peridotaiti, mashapo yenye salfa pembeni yake, na umbo la njia ya uji. Mwamba mweusi peke yake hautoshi. Nchi ina miamba myeusi mingi isiyo na kitu.

Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu ina tabia nyingine. Huko ni miamba ya kale ya volkano na mashapo, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyokunjwa na kupasuliwa. Maji ya moto yalipita kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu iliyofungamana na salfa. Yalipofika kwenye mwamba wenye chuma kingi, salfa iliiacha dhahabu ikashikana na chuma na kuwa pairaiti, nayo dhahabu ikabaki papo hapo. Ndiyo maana matabaka ya mawe ya chuma katika vilima vya Geita ni muhimu kiasi kile: ni mtego. Bulyanhulu dhahabu inafuata rifu, yaani mishipa, za kwatzi zenye pairaiti na kalkopairaiti, ndiyo sababu shaba inatoka pamoja nayo.

Mpanda, mkoani Katavi, risasi ilipatikana ya kutosha hata tawi la reli likajengwa kutoka Kaliua kuifuata. Huko ni mishipa iliyojaza nyufa, na kazi kubwa ya mtafutaji ni kuzisoma nyufa zenyewe.

Hatua ya pili: meza, ramani na leseni

Anza na leseni. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 huwezi kutafuta wala kuchimba bila leseni, hata kama shamba ni la babu yako. Angalia kwenye mfumo wa Tume ya Madini kama eneo liko wazi, limeshikwa na mwingine, au limeingia kwenye hifadhi. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya raia wa Tanzania. Ukishajua eneo liko wazi ndipo ramani zina maana.

Ramani za jiolojia zinatoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Siku hizi unapanda treni ya SGR asubuhi na kurudi jioni, sioni kisingizio. Nunua karatasi ya eneo lako pamoja na kijitabu chake cha maelezo kama kipo. Kijitabu hicho ni hazina: walioichora ramani walitembea kwa miguu, wakaandika hata vijishimo vya zamani na mawe ya kutu waliyoyapita bila kuyapima.

Pata pia ramani ya sura ya nchi ya kipimo cha 1:50,000 yenye mistari ya kontua, ile inayounga mahali pa kimo kimoja. Halafu pakua data ya miinuko iliyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, inayoitwa SRTM, na picha za setilaiti za Landsat na Sentinel-2. Vyote ni bure, na programu ya QGIS inayovifungua nayo ni bure. Kijana wa chuo mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuifanya kazi hii akiwa Sinza.

Ndani ya QGIS washa kivuli cha milima, kisha badilisha upande wa jua mara tatu au nne, maana ufa unaolingana na mwelekeo wa jua hauonekani. Chora kila mstari ulionyooka: mto unaokwenda kama umepigwa rula, vilima vinavyokatika ghafla vyote kwenye mstari mmoja, mabonde mawili yanayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mgongo. Hizo mara nyingi ni nyufa. Kisha weka ramani ya jiolojia juu yake. Pale ufa unapokata mpaka wa miamba miwili ya tabia tofauti, au pale mkunjo unapopinda, weka alama. Ukipata alama kumi zinazostahili kutembelewa, umefanya kazi nzuri. Ukipata mia, hujachagua bado.

Hatua ya tatu: soma nchi ilivyokaa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kilima ni mwamba uliokataa kuoza. Bonde mara nyingi ni mwamba uliokubali. Karibu na Mwanza graniti inasimama kama mawe yaliyopangwa kwa mkono. Geita mawe ya chuma na kwatzi yanatengeneza migongo mirefu. Ngara na Karagwe ni kwazaiti ngumu inayoshika juu ya milima, na skisti laini iko chini kwenye mabonde.

Salfaidi yenyewe iko upande gani? Ikifikiwa na hewa inatoa tindikali, na tindikali hiyo inauoza mwamba unaoizunguka haraka kuliko majirani wake. Kwa hiyo mara nyingi utaikuta pale mgongo wa kilima unapoinama kidogo, kama tandiko, au kwenye kijibonde kisicho na sababu ya kuwepo. Lakini ikiwa kuna kwatzi nyingi, kwatzi na kutu vinabaki vimesimama kama ukuta mwembamba, na bonde linakuwa pembeni. Kwa hiyo usitafute kilima wala usitafute bonde. Tafuta mahali ambapo sura ya nchi inabadilika bila mwamba wa juu kueleza kwa nini.

Jambo la pili ni udongo, na hapa tuna urithi wetu. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, akifanya kazi Amani, Usambara, alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuata mteremko kama mnyororo: aina moja juu, nyingine katikati, nyingine chini, na mpangilio huo hurudiwa kilima baada ya kilima. Wasukuma walikuwa na majina ya mnyororo huo: luseni, udongo wa kichanga wa mteremkoni, itogolo, ule mgumu wa chini zaidi, na mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika. Ukifika kijijini, mwombe mzee mkulima akutembeze shamba kutoka juu mpaka chini na akutajie majina. Saa mbili na yeye zitakupa ramani ya udongo ambayo hakuna setilaiti itakayokupa.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu udongo uliozaliwa pale pale juu ya mwamba wake unabeba habari za mwamba huo. Udongo ulioletwa na maji unabeba habari za mahali pengine. Mbuga ni udongo wa kuletwa, na unaweza kuwa mita nyingi. Ukichukua sampuli juu ya mbuga ukapata sifuri, hujajifunza lolote kuhusu mwamba wa chini. Nimeona eneo likiachwa kabisa kwa majibu ya namna hiyo, na baadaye shimo la kisima likatoa mawe yenye kutu ya shaba. Kwenye ramani yako paka mbuga rangi ya kijivu na uandike "haijajulikana". Usiandike "hakuna".

Vichuguu vinasaidia. Mchwa huleta juu udongo wa chini zaidi kuliko mkono wako na jembe, na watafutaji barani Afrika wamevitumia kwa miaka mingi. Chukua sampuli katika vichuguu vikubwa, toka upande uleule wa kila kimoja, na uvipime peke yao. Usichanganye majibu yake na ya udongo wa kawaida.

Hatua ya nne: tafuta kutu

Watu hutafuta kinachong'aa. Juu ya ardhi salfaidi haing'ai tena. Mvua za maelfu ya miaka zimeiozesha. Kinachobaki ni kofia ya kutu: jiwe la kahawia, jekundu au manjano, lenye vijitundu.

Shida ni kwamba moramu nayo ni kutu, na imetapakaa nchi nzima. Hivi ndivyo ninavyozitenganisha. Moramu inalala kama blanketi, inafuata mteremko, na ina punje za mviringo kama njegere. Kofia ya salfaidi inafuata mwelekeo wa mwamba: ukiikuta hapa, ukatembea mita 50 kwenye mstari uleule, unaikuta tena. Livunje jiwe utazame ndani kwa lenzi. Ukiona vijumba vidogo vyenye kuta nyembamba, vya mraba au vya pembetatu, hizo ni nafasi zilizoachwa na punje za salfaidi zilizooza. Kijani cha malakaiti au buluu ya azuraiti ni shaba. Risasi haiendi mbali na ilikotoka, kwa hiyo jiwe la kutu lililo zito kupita kiasi lipime risasi.

Ukipata kipande ambacho hakijaoza, kuna vipimo viwili vya bei nafuu. Chukua kigae, tumia upande wa nyuma usiong'arishwa, ukisugue. Dhahabu inaacha mstari wa dhahabu. Pairaiti na kalkopairaiti zinaacha mstari mweusi wenye ukijani. Kisha jaribu kisu: kalkopairaiti inakwaruzika, pairaiti haikwaruziki na yenyewe inakwaruza kioo. Galena utaitambua kwa uzito, mara 7.5 ya maji, wakati kwatzi ni 2.65.

Hatua ya tano: mito kwanza, udongo baadaye

Mto umekwisha kukusanyia sampuli za bonde zima. Chukua mashapo ya katikati ya mkondo, kwa vijisehemu vitano au sita ndani ya mita 30, uyachanganye, uyachekeche mpaka yabaki yale laini ya chini ya milimita 0.18. Kwenye makutano ya vijito, chukua juu ya makutano katika kila tawi, usichukue chini yake, ili ujue ni tawi lipi lililoleta. Kaa mbali na daraja, kijiji na gereji: mabati yana zinki, betri za magari zina risasi, na vyote viwili vitakudanganya.

Tawi likionyesha viwango vya juu, panda nalo mpaka vinapokoma ghafla. Hapo ndipo unaweka gridi ya udongo. Mistari ikate mwelekeo wa mwamba, isiende sambamba nao. Anza na mistari iliyoachana mita 200 mpaka 400, na pointi kila mita 25 au 50. Chimba sentimita 30 mpaka 50, chini ya udongo mweusi wa juu. Kila sampuli 20 weka moja ya marudio na moja ya mchanga usio na kitu, bila kuiambia maabara.

Kusoma majibu ndiko kwenye ujuzi. Kwenye mteremko metali hushuka na mvua, kwa hiyo picha itakuwa na mkia unaoelekea bondeni; chanzo kiko karibu na kichwa cha mkia. Zinki husafiri mbali kwenye maji chachu, shaba husafiri kiasi, risasi karibu haisogei. Mahali penye risasi nyingi ni karibu na chanzo. Zinki inakuonyesha maji yalikokwenda. Kwa dhahabu, pima na aseniki. Kwa nikeli, usifurahie nikeli peke yake: udongo mwekundu juu ya peridotaiti unakusanya nikeli hata kama hapakuwahi kuwa na salfaidi. Nikeli na kromi bila shaba ni mwamba tu. Nikeli na shaba zikipanda pamoja, hapo kaa chini ufikiri.

Hatua ya sita: vyombo, na mtego wa grafiti

Pirotaiti nyingi huvuta sumaku, kwa hiyo kipimo cha usumaku kinafaa kwa nikeli. Pairaiti haivuti. Salfaidi iliyoshikana kama tofali hupitisha umeme, na vipimo vya sumaku-umeme huiona chini ya ardhi. Iliyotawanyika kama vumbi kwenye mwamba inahitaji kipimo kingine, kinachoingiza mkondo wa umeme, kuukata, na kupima chaji inavyofifia.

Lakini grafiti, ile kaboni nyeusi laini, nayo hupitisha umeme, na nchi yetu ina grafiti nyingi. Hata mashapo ya Kabanga yana grafiti pamoja na salfaidi isiyo na nikeli. Mtu akikuuzia picha ya rangi yenye doa jekundu akisema "madini haya hapa", muulize mambo matatu: je, udongo wa juu una metali? Je, kipimo cha uzito wa mwamba kinakubaliana, kwa kuwa salfaidi ni nzito na grafiti ni nyepesi? Na mwamba wa pale ni upi kwenye ramani? Akikosa majibu, funga mkoba.

Hatua ya saba: mtaro, kisha uchorongaji

Kabla ya kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, chimba mtaro kukata kilele cha majibu ya udongo, ufikie mwamba, uchore kila kitu: mwelekeo, mwinamo, unene. Mwinamo ndio unaoamua mahali pa mashine. Shimo linatakiwa kuukata mwamba kwa kukingama. Ukichoronga kuufuata mwinamo utapata mita nyingi za madini kwenye karatasi na mshipa mwembamba mmoja ardhini. Hata shimo la kwanza likikosa, tunza masanduku yake. Skisti yenye pirotaiti kidogo inaweza kukuonyesha upande wa kuchoronga la pili.

Usiingie kwenye duara la zamani, yaani shimo lililoachwa na wachimbaji. Salfaidi kwenye kuta hula oksijeni ya shimo, na mtu huanguka kabla ya kuhisi chochote. Kifusi cha salfaidi usikitupe kwenye njia ya maji: kitaoza kama tope la Kunduchi, na wanaokunywa maji chini ya mteremko ndio watakaoonja tindikali.

Na ukija Dar na jiwe lako, njoo na daftari. Andika koodinati za mahali ulipolitoa, kama lilikuwa limeshikana na mwamba au limelala huru, mteremko unaelekea upande gani, mwamba umeinama vipi, udongo unaitwaje na wenyeji. Piga picha ya jiwe likiwa bado ardhini, nyundo ikiwa pembeni, na picha nyingine umerudi nyuma hatua 100 ili kilima chote kionekane. Picha hiyo ya pili ndiyo nitakayoiomba kwanza.